Neno la Siri Kwenye Pindo la Aproni

Risala ya Kikundi cha Wadarizi Wazee kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kituo cha Huduma za Mawasiliano, siku ya kufunga mafunzo ya kulinda akaunti za simu

Mgeni rasmi, ufunguo wa chumba chako cha kulala anao nani?

Usijibu. Tunajua si adabu kumuuliza hivyo mgeni ambaye hata maji hajanywa. Lakini hilo ndilo swali tuliloulizwa sisi siku ya kwanza ya mafunzo, katika chumba hiki hiki, na hakuna hata mmoja wetu aliyelijibu bila kutazama pembeni.

MAKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Sisi wanakikundi tumefurahi kiasi cha kushindwa kujizuia. Tangu asubuhi chumba hiki kimefagiliwa na kila aliyeingia, kwa kuwa kila aliyeingia aliona aliyemtangulia hakufagia vizuri. Kiti ulichokalia ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Kitambaa kilicho mgongoni mwake tumekidarizi wote, kila mtu na ua lake, ndiyo maana hayafanani. Ukiona ua moja la zambarau limekaa kama kabichi, tafadhali usimuulize Bibi Mkasi. Atakwambia ni waridi, na atakueleza mpaka ukubali.

Tunawakaribisha pia watoto wetu, wakwe zetu na majirani waliotusindikiza. Tunawaomba wazime milio ya simu. Sisi wenyewe tumekwisha kujifunza kuizima, isipokuwa mmoja wetu, na ikilia tutajua ni ya nani.

Risala hii tumeitunga wote. Kila ilipokwisha, mtu alikumbuka jambo lake akataka liongezwe. Ikiwa ndefu, utuvumilie.

SISI NI NANI

Mgeni rasmi, sisi ni bibi wa mtaa huu. Tunadarizi foronya, mashuka, vitambaa vya meza na vishuka vya watoto wachanga. Chumba chetu cha kazi kiko nyuma ya duka la vitambaa. Kina dirisha moja linaloingiza mwanga mzuri, meza ndefu, na mikebe ya biskuti ambayo ndani imejaa nyuzi, jambo ambalo limewaliza wajukuu wengi. Chumba hakina kufuli. Mkasi ni wa wote, sindano ni za wote, na miwani nayo imekaribia kuwa ya wote. Mtu akikosa yake anavaa ya jirani, na akiona vizuri zaidi hairudishi.

Zamani tulikuwa tunauza kwa kupita nyumba kwa nyumba. Halafu magoti yakagoma. Ndipo fundi simu, yule mama mwenye kibanda hapo nje, ambaye sasa hivi anajificha nyuma ya nguzo asionekane, akatuambia, "Bibi zangu, kazi nzuri hivi mnaikalia ya nini? Wekeni picha kwenye simu, wateja waje wenyewe." Akamfungulia kila mmoja wetu akaunti. Siku za mwanzo tulikuwa tunaongea na simu kwa sauti ya juu kana kwamba yenyewe ndiyo kiziwi. Taratibu tukaizoea, nayo ikatuzoea.

Miongoni mwetu yupo Bibi Pindo. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu akikunja pindo la shuka huoni lilipoanzia wala lilipoishia. Ni mtu wa maneno machache. Anakaa karibu na dirisha. Akifurahi anavuma wimbo usio na maneno, na akikasirika anavuma ule ule, ila kwa kasi. Alifiwa na mumewe siku nyingi. Kifungua mimba wake ni dereva wa malori, yule bwana mpana aliyekaa mstari wa nyuma, na Bibi Pindo mwenyewe ana mdogo wake wa kike anayeishi mbali sana.

Akaunti ile ilimfungulia Bibi Pindo dunia. Asubuhi anatazama picha za wajukuu, mmoja mmoja, anazivuta kwa vidole viwili mpaka aone kama mtoto amepakwa mafuta miguuni. Mchana anajibu wateja. Jioni anatumiana na mdogo wake ujumbe wa sauti, wakigombana juu ya mambo ya utotoni, nani alivunja nini na nani alipigwa kwa kosa la nani. Akiweka simu chini unamwona amependeza.

YALIYOTUPATA

Fundi simu alitufundisha mapema kwamba neno la siri liwe gumu. Lisiwe jina la mjukuu. Liwe na herufi kubwa, ndogo, namba, na alama mojawapo ya zile ambazo hatukuwa tunajua kazi yake. Akasisitiza, "Na msiandike kwenye karatasi. Karatasi inaokotwa na yeyote."

Tukaitikia vizuri. Alipoondoka tukabaki tunatazamana, maana kichwa cha mtu mzima kimekwisha kujaa, ukiingiza kipya lazima cha zamani kitoke, na hujui kitatoka kipi. Bibi Mkasi ndiye aliyetuokoa, au ndivyo tulivyodhani.

"Amesema tusiandike kwenye karatasi," akasema. "Kitambaa si karatasi."

Mgeni rasmi, tuliona amesema kweli tupu. Kila mmoja akachukua aproni yake akadarizi neno lake la siri kwenye pindo, pale chini karibu na magoti. Na mtu hawezi kudarizi herufi akaziacha hivi hivi. Herufi kubwa tulizipa uzi mwekundu, ndogo uzi wa kijani, namba uzi wa rangi ya dhahabu. Alama ya mshangao ya Bibi Pindo ilikuwa na jani pembeni, na kinukta chake cha chini alikizungushia petali. Mtu akisahau, alikuwa anainua pindo, anasoma, anaingia. Mambo yakaenda vizuri mno.

Siku moja mteja akaandika kwamba angependa kuwaona hawa bibi wenye mikono hii. Tukajipanga mbele ya dirisha tumevaa aproni zetu. Tulizipiga pasi kwanza, hasa pindoni, ili ile kazi ionekane. Picha ikatoka safi sana. Tukaiweka mtandaoni. Sifa zikamiminika. Mtu mmoja tusiyemjua akauliza, "Hayo maandishi kwenye aproni yana maana gani?"

Bibi Mkasi akamjibu, "Ni siri."

Fundi simu alipoiona ile picha alikuja mbio, bisibisi ingali mkononi. "Bibi zangu, itoeni! Itoeni hiyo picha!"

"Kwani hatujapendeza?" tukamuuliza.

"Mmependeza mno! Tena mmesomeka mpaka nukta!"

Hapo ndipo akili ilipotuingia. Picha ikatolewa, tukabadilisha maneno yote, na pindo zote tukazifumua siku hiyo hiyo, wengine wakilia kwa kazi yao. Lakini Bibi Pindo hakuwepo. Alikuwa amekwenda kupimwa goti. Aliporudi akachukua simu yake, akaandika neno lake, ikamkataa. Akainua pindo, akasoma herufi moja moja, akaandika tena. Ikamkataa. Mtu mwingine alikwisha kuingia na kubadilisha neno.

Yule mtu alianza kazi mara moja. Aliwaandikia ndugu wote wa Bibi Pindo: "Habari za leo wapendwa wangu. Nimelazwa ghafla. Naomba sana msaada wenu." Muda si muda simu ya Bibi Mkasi ikalia. Alikuwa mdogo wake Bibi Pindo, anapiga kutoka huko mbali.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Si huyu hapa, anavuma."

"Anavuma pole pole au haraka?"

"Haraka."

"Nilijua! Kuna mtu ndani ya akaunti yake. Kaniita mpendwa! Dada hajaniita mpendwa tangu tunyang'anyane mdoli. Halafu kaandika 'naomba.' Dada huwa anaomba? Dada anasema 'leta.'"

Mgeni rasmi, tunashukuru kwamba hakuna ndugu hata mmoja aliyedanganyika. Wote walisema ujumbe ule ulikuwa na adabu kupita kiasi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi Pindo hakucheka. Alikuwa ameshika simu yake kama mtu aliyetoka kuanika nguo uani, akirudi anakuta mlango umefungwa kwa ndani na sauti za watu asiowajua zinatoka sebuleni kwake.

Kesho yake akaja kwenye Kituo chako, mwanawe dereva akamsindikiza. Kijana wa dirishani ni mtoto mzuri, tunamsifu hadharani. Aliinuka, akaamkia, akavuta kiti. Kisha akamgeukia mwanawe akamuuliza, "Mama anakumbuka alifungua akaunti lini?"

Mwanawe akageuka. "Mama, unakumbuka ulifungua lini?"

"Nakumbuka," akasema Bibi Pindo.

"Anasema anakumbuka?" kijana akamuuliza mwanawe.

"Anakumbuka," akasema mwanawe.

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, maneno yakipita juu ya kichwa chake kama mpira. Hata hivyo mwizi alitolewa na akaunti ikarudi, na kwa hilo tunakushukuru wewe na vijana wako kutoka moyoni. Ila kijana alieleza kwamba kwa mtu wa umri ule, utaratibu ni kuandika namba ya mtoto kuwa ndiyo ya kurejeshea akaunti, na akaunti ifunguke pia kwenye simu ya mtoto, ili mzee awe salama. Basi ikaandikwa namba ya dereva. Bibi Pindo akarudi nyumbani na akaunti yake, wakiwa wawili ndani yake.

MAFANIKIO

Baada ya tukio lile fundi simu alisema hatatuacha hivi. Kila wiki anafunga kibanda chake mchana mmoja, wateja wakinung'unika, anakuja kutufundisha hapa kati ya mikebe ya nyuzi. Haya ndiyo mafunzo tunayoyafunga leo.

Maneno ya siri tuliyo nayo sasa hayako kwenye aproni wala kwenye karatasi. Alituambia tuchague vitu vinne vitano visivyohusiana kabisa, tuviunganishe, kwa sababu kitu cha kuchekesha hakisahauliki. Akasema pia kila akaunti iwe na neno lake, kama vile mtu asivyotumia ufunguo mmoja kwa nyumba, kabati na choo. Sasa wakati mwingine mtu yuko kwenye kazi yake kimya, ghafla anacheka peke yake, tunajua amekumbuka neno lake la siri. Hatumuulizi. Hilo ni jambo kubwa, mgeni rasmi, maana sisi tulikuwa hatuna la kutoulizana.

Tumejifunza na uthibitisho wa hatua mbili. Ukiandika neno la siri, simu inakuletea namba, na bila hizo namba mlango haufunguki. Hizo namba hasomewi mtu, hata ajitambulishe vipi. Bibi Mkasi alifanya mtihani wake mapema. Tulikuwa wote hapa simu yake ilipolia, akaiweka sauti ya nje.

"Mama, napiga kutoka makao makuu," sauti ya kiume ikasema. "Kuna namba zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee haraka, akaunti yako inafungwa."

"Nani mwenzangu?"

"Mhudumu."

"Mhudumu hata huamkii?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Nisomee zile namba."

"Anajua kama unafanya kazi hii?"

Sauti ile ikakohoa.

"Basi mpigie kwanza umwambie. Halafu mnipigie mkiwa pamoja, nimsomee yeye."

Akakata. Bibi Mkasi mpaka leo anasema anamsubiri, na kwamba ana mengi ya kuzungumza na mama yule.

Hatubonyezi tena kila kinachong'aa. Mwenzetu mmoja aliletewa ujumbe kwamba ameshinda zawadi, abonyeze hapo. Akasema, "Sijacheza, nimeshindaje?" akaendelea na shuka lake. Majirani nao sasa wanakuja kutuuliza. Mwenye duka la vitambaa alikuja kwa aibu, tukamfundisha, na hatukumcheka mpaka alipotoka.

Somo lililotugusa kuliko yote lilikuwa la kutazama akaunti yako imefunguliwa kwenye simu zipi. Fundi simu alituonyesha pa kubonyeza, na kila mmoja akaona orodha yake. "Simu msiyoitambua," akasema, "itoeni."

Bibi Pindo alikaa akitazama kioo cha simu yake. Kisha akauliza, "Na unayoitambua?"



CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tunaanza na zile ndogo. Maandishi kwenye simu ni madogo. Zile namba za uthibitisho zina haraka sana. Mpaka mtu atafute miwani, aivae, agundue si yake, atafute ya kwake, namba zimekwisha muda wake.

Kubwa ni hili la Bibi Pindo, ambalo limewapata na wengine wetu ila yeye ndiye amekubali tulisimulie.

Yeye hawezi kuitoa ile simu ya pili, kwa sababu akijaribu, namba za uthibitisho zinakwenda kwa mwanawe. Simu yake ikijifunga, hawezi kuingia mpaka ampigie, naye yuko barabarani.

"Mama, naendesha. Unataka kuingia kufanya nini?"

"Kuingia."

"Kuna nini cha haraka?"

"Si ni kwangu?"

"Sawa mama, nikisimama nitakutumia namba."

Naye anasimama jioni. Bibi Pindo anakaa dirishani na foronya, anavuma kwa kasi, na siku hiyo hakuna aliyetazama miguu ya wajukuu.

Hatumsemi vibaya mwanawe. Ni mtoto anayejua mama ni nani. Simu ile yeye ndiye aliyeinunua, na goti la mama yake analijua kuliko daktari. Lakini kila kinachoingia kwenye akaunti ya mama yake, kinalia na kwake.

Sasa, yupo fundi seremala anayetutengenezea fremu za kudarizia. Ni mgane, mtu mtaratibu, penseli iko nyuma ya sikio hata akiwa amevaa vizuri. Siku moja alimtumia Bibi Pindo ujumbe wa sauti. Kabla Bibi Pindo hajauona, simu yake ikalia. Ni mwanawe, anacheka mpaka anakohoa.

"Mama! Huyu fundi wako wa fremu ana maneno matamu hivyo! Nimemsikiliza mwanzo tu nikasimamisha lori!"

"Ni mambo ya fremu," akasema Bibi Pindo, akakata.

Kisha akaenda pembeni, akasikiliza ule ujumbe mpaka mwisho. Akarudi akakaa, akadarizi muda mrefu, mpaka Bibi Mkasi alipomwambia, "Mwenzangu, sindano haina uzi. Unashona hewa."

Tangu hapo hajamjibu seremala. Anapopita, wanazungumza kama watu wanaopeana zamu kazini.

"Fremu ziko sawa, bibi?"

"Ziko sawa."

"Zote?"

"Zote."

Naye anasimama kidogo, anaigonga fremu moja kwa kidole, anaondoka. Fremu zetu zimekaguliwa mpaka tunazionea huruma.

Tulimwambia, "Si umjibu tu kwa simu?"

"Nikimjibu humo, mwanangu atasikia kabla yake."

"Basi mwambie mdomoni, hapo mlangoni."

"Hapo mlangoni, na nyinyi mmekaa mmeegesha masikio hivyo?"

Mgeni rasmi, alikuwa na haki. Tulikuwa tumeegesha.

"Yeye aliniambia mimi peke yangu," akasema. "Na mimi nataka kumjibu yeye peke yake. Ni hilo tu. Mtu mzima kama mimi nitafute pa kunong'onea?"

Mwizi wa kwenye picha tulimfukuza kwa kubadilisha neno. Hili la kupendwa mpaka ukakosa mlango, fundi simu alituambia wazi kwamba ufumbuzi wake hana. Uko dirishani kwako.

MAOMBI

Kwa heshima kubwa tunaleta maombi yetu.

Tunaomba fundi simu atambuliwe na Kituo chako kama mwalimu. Anafundisha vizuri, hapandishi sauti, na swali ukiliuliza mara ya nne analijibu kama la kwanza. Mitaa mingine nayo ina bibi na babu, na huenda nao wanadarizi.

Tunaomba zile namba za uthibitisho zipunguziwe haraka. Dakika za kutafutia miwani zihesabiwe.

Tunaomba meza moja zaidi, ingawa hili tumeliweka tu kwa sababu kila risala huomba meza.

Na lipo ombi ambalo tuliliandika, tukalifuta, tukaliandika tena. Tunaomba mtu mzima akija dirishani aulizwe yeye. Atazamwe yeye. Akichelewa kujibu, avumiliwe. Hajapotea, anapanga maneno. Akisema anataka msaada wa mtoto, mtoto asogee. Na akisema namba yangu ndiyo hii, iandikwe yake. Tumejifunza kulinda mlango, mgeni rasmi. Tunaomba tuachiwe na ufunguo.

Kabla ya kuandika hili, Bibi Pindo alizungumza na mwanawe. Walikaa hapa hapa, na safari hii tulitoka nje, karibu wote.

"Mama, mimi nilikuwa nakulinda," akasema yule bwana.

"Najua. Na umenilinda vizuri."

"Sasa?"

"Sasa nilindie nje. Umewahi kuona mlinzi anayelala kitandani na mwenye nyumba?"

Mwanawe alicheka, akajifuta uso kwa kofia. Akasema yeye hana kipingamizi, namba itolewe, ila pale dirishani walimwambia utaratibu hauruhusu bila neno la mkubwa. Mkubwa ni wewe. Bibi Pindo amekuja leo na simu yake kwenye mfuko, ameichaji imejaa. Tunaomba, baada ya kutugawia vyeti, umsaidie.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kutusikiliza. Tumefika hapa tukiwa tumecheka kuliko tulivyolia, na tumejua mambo ambayo hatukutegemea kuyajua katika umri huu.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Akulinde wewe na nyumba yako na akaunti zako zote. Wanaokupenda wakukute, wanaokuvizia wakukose, na maneno yako ya siri yakuchekeshe kila uyakumbukapo.

Ni sisi,
Kikundi cha Wadarizi Wazee.

NYONGEZA

Mgeni rasmi, risala ilikuwa imekwisha hapo, na jina la kikundi tumeshaliandika. Tulipoanza kuisoma kwa sauti ili tusikie kama imekaa vizuri, Bibi Pindo, ambaye hakusema neno muda wote tuliokuwa tukiitunga, aliweka sindano chini.

"Ongezeni na langu," akasema.

Tukamwambia nafasi imekwisha. Akasema tugeuze karatasi.

"Nilitaka kulisema kwa siri," akasema, "lakini nimechoka kusubiri nje. Hili lisomwe hivyo hivyo, mgeni rasmi akiwepo, mwanangu akiwepo, na yeye akiwepo, maana benchi za wageni ndiye atakayezileta. Atakuwa amesimama mlangoni anajifanya anakagua bawaba."

Bibi Mkasi akamuuliza, "Tuandike nini sasa?"

Akavuma kidogo, pole pole. Kisha akasema, nasi tuliandika alivyosema bila kupunguza:

"Andikeni kwamba fundi seremala aliniuliza kama nitakubali anioe. Andikeni kwamba nataka. Nilitaka tangu nilipousikia ule ujumbe, uzi ukanitoka. Na mgeni rasmi mwambieni namba bado naiomba, maana yapo mengine ninayotaka kumwambia huyu bwana, na hayo hayasomwi kwenye risala."